Moyo Ulisema, Figo Hazikusikia

Siku ya ishirini na tatu ya arobaini yangu nilitoka nje. Mzazi hatoki kabla ya siku arobaini, kila nyumba ya mtaa wetu wa Mabawa inalijua hilo, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni kama askari.

"Naenda hospitali, mama. Sipumui."

"Hupumui na unaongea?"

Hapo nikapandwa na hasira. Wiki nzima nilikuwa nasema! Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nikilala chali, kama mtu kanikalia kifuani. Nikienda bombani hapo uani tu, narudi nahema kama nimepanda milima ya Lushoto kwa miguu. Kila nikisema, jibu ni moja: uzazi huo. Nikampigia mume wangu aliyeko kazini Ushongo, akaniambia nimsikilize mama, kazaa saba huyo. Saba! Kwani alizaa kwa moyo wangu?

Dawa ya mama ilikuwa supu ya ng'onda, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi, asubuhi na jioni, ili maziwa yajae. Maji ya kunywa akayapiga marufuku, ati ndiyo yanayojaza miguu. Chumvi tele, maji hakuna. Kiu ilinishika hadi nikawa nakunywa ya kuogea, kwa kata, bafuni, huku nikimwaga mengine chini ili asikie naoga.

Basi nikatoka. Akambeba mtoto, akanifuata mpaka kwenye bajaji, akinisema njia nzima.

Daktari alikuwa binti wa rika langu. Mama akamkazia macho mpaka akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mkwe wangu kuwa uzazi una uvimbe wake."

Daktari alibonyeza miguu, akasikiliza kifua, akapima presha, akaipima tena. Akautazama moyo wangu kwenye skrini, akachukua damu. Majibu yalipotoka alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Misuli ya moyo wako imelegea. Huwatokea baadhi ya wanawake wakikaribia kujifungua au baada ya hapo. Maji yanakujaa miguuni na kwenye mapafu. Na damu yako inaonyesha moyo umekuwa ukipiga kelele."

"Moyo unapiga kelele vipi?"

"Unatoa homoni. Nyingi."

Mimi nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne. Moyo niliuchora, vyumba vinne, nikapaka nyekundu na buluu, nikapigiwa vema. Moyo ni pampu. Homoni ni kazi ya tezi. Nikamwambia hivyo hivyo, nikihema.

Akacheka. "Ulichora nusu. Moyo nao ni tezi. Damu ikizidi, kuta za vyumba vile zinavutika, na zikivutika zinamwaga homoni. Ikifika kwenye mishipa, inailegeza, presha ishuke. Ikifika kwenye figo, inaziamuru zitoe chumvi. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata."

Jamani, nilisahau kama naumwa! Miaka yote hiyo kitu kinapiga kifuani mwangu nikidhani kinasukuma tu, kumbe kinapima, kinaamua, kinatoa amri! Nikataka kurudi shuleni siku ile ile nikauchore upya.

"Sasa mbona figo hazikutoa?"

"Moyo ukilegea, figo zinapata damu kidogo. Zinadhani mwili umekauka. Basi kuna homoni nyingine zinazong'ang'ania chumvi, na hizo ndizo zilizoshinda. Moyo unasema toeni, figo zinasikia wekeni. Ukila chumvi juu yake, ndiyo unazidi kuvuta maji."

Nikamgeukia mama mkwe. "Umesikia? Hata moyo wangu ulisema, ukapuuzwa!"

"Ng'onda ina chumvi gani? Mie naiosha."

"Mara ngapi, mama?" daktari akauliza.

"Mara moja."

"Mara moja si kuiosha, mama. Hiyo ni kuisalimia."

Mama hakucheka. Alimhamisha mtoto bega la pili, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Atakufa?"

"Tunampa sindano ya kukojosha sasa hivi. Figo zikiitikia, tumepata pa kuanzia, na dawa za moyo zitafuata. Zisipoitikia, atapelekwa hospitali kubwa leo leo."

Nikalazwa. Nikachomwa. Muuguzi akaleta jagi la plastiki lenye mistari, kila mkojo upimwe. Mama akalipokea kabla sijanyoosha mkono. Tukakaa tunatazamana. Hasira zilikuwepo bado, lakini sote wawili tulikuwa tunazisubiri figo zangu.

Haikufika nusu saa. Nilikojoa kama bomba lililopasuka! Mama akaliinua jagi dirishani, akafuata mistari kwa kidole, akalimwaga, akarudi nalo mbio. La pili likajaa. Wanawake wa vitanda vya jirani wakaanza kuuliza, naye akawaeleza kwa sauti ya mnadani: moyo wa mkwe wake una homoni, figo zilikuwa zimeziba masikio, sasa zimezibuka. Aliivuruga nusu ya habari, nikamwacha.

La tatu lilipovuka mstari wa juu, aliliinua kwa mikono miwili, akapiga kigelegele. Wodi nzima ikaitikia. Muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua.

"Ni mkojo," nikamwambia, nikicheka kwa pumzi moja ndefu. "Andika!"