Kukompaili Programu ya Majina

Kwenye kituo chetu cha afya majina hayakuandikwa kwenye karatasi. Mtu akija kupima damu alipewa kadi yenye namba tu. Namba ile na jina lake vilikutana sehemu moja peke yake, ndani ya kompyuta iliyokaa chumba cha nyuma. Chumba kile kilikuwa na funguo mbili, mmoja wa matroni, mwingine wangu.

Sababu tuliijua wote. Kabla sijaajiriwa pale kulikuwa na daftari. Mtu mmoja aliyekuwa akifanya usafi alilisoma, akaenda kuyasema sokoni, na kabla ya wiki kwisha mama mmoja wa Kasense alitolewa vyombo nje na ndugu wa mumewe, mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Alikimbilia kituoni. Matroni alimpokea, akampa nguo kavu, kisha akaenda jikoni akalichoma lile daftari mwenyewe.

Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na Sumbawanga vilianza kufika vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Malori yaliyopandisha kutoka Tunduma yalileta redio, baiskeli, mabelo ya mitumba, na siku moja yakaleta kompyuta yetu, nayo ya mtumba, nzito kama gunia la mahindi. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Nikapelekwa Mbeya wiki tatu kujifunza, nikarudi naitwa mtaalamu. Neno hilo lilinitia woga tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilijua nilichojifunza kingetosha ukurasa mmoja. Kazi yangu ilikuwa barua, ripoti, na kuitunza mashine. Majina aliyaingiza matroni mwenyewe, kwa vidole viwili, mlango umefungwa. Sikuwahi kuyaona na sikutaka kuyaona.

Virusi vya kompyuta viliingia Jumanne asubuhi, mwezi wa sita, wakati upepo wa kipupwe unapita uwandani mpaka masikio yanauma. Vilikuja na disketi ya ripoti. Niliiingiza bila kufikiri. Kompyuta ikaganda, nikaizima, nikaiwasha, haikuwaka tena zaidi ya kuonyesha mstari mmoja mweupe juu ya weusi. Nikakimbilia disketi ya akiba ya matroni, ile yenye nakala ya majina. Wiki iliyotangulia alikuwa amenipa ninakilie humo faili jipya, nami nikaisahau dirishani penye unyevu. Ilikuwa imeota ukungu. Nikakaa kwenye kiti, disketi nimeishika kwa mikono miwili.

Matroni alikuja nilipomwita. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini siku zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umekaa hivyo?"

Nikamweleza yote, hata la ukungu. Hakunifokea. Alishika ukingo wa meza, akasema, "Ijumaa linakuja gari kuchukua orodha."

Nilikuwa nimesahau. Dawa za kurefusha maisha ndiyo kwanza zilikuwa zinafika mkoani, nasi tulitakiwa kupeleka majina ya wagonjwa wa kwanza kuanzishiwa. Si namba. Majina, na vijiji wanakotoka, ili wafuatwe. Wengine walikuwa Mtowisa huko bondeni, wengine Namanyere, na kuna waliokuwa wamelala kitandani hawawezi tena kuja.

"Kuna fundi pale stendi," nikasema.

"Huyo mwenye duka linalojaa vijana mchana kutwa? Afungue faili mbele yao?" Akatikisa kichwa. "Afadhali ipasuliwe kwa nyundo."

Ndipo nikakumbuka zile sidii. Mwaka uliopita injinia mmoja wa visima, kijana wa kutoka pwani, alikuja kutumia printa yetu, akaniachia sidii nne na bunda la karatasi za maelekezo. Alisema ndani yake kuna mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta bila ule wa zamani, na programu nyingi. "Hizi hazina siri, dada yangu," aliniambia. "Aliyezitunga ameacha maandishi yake yote wazi, ukitaka unasoma. Ila mashine haisomi maandishi ya watu. Kwanza unayakompaili, yaani mashine inayageuza kuwa lugha yake." Nilimwitikia kwa adabu nikaziweka kabatini.

Jumatano nilianza. Kompyuta ilikuwa na diski mbili ndani, ndogo na kubwa, na faili la majina lilikuwa kwenye kubwa. Maelekezo yalisema mfumo mpya utafuta kila kitu kwenye diski utakayoichagua. Skrini ikaniletea majina ya diski zote mbili, yametofautiana herufi moja tu ya mwisho. Sikujua ipi ni ndogo. Nilisoma ukurasa ule wa maelekezo mara tatu. Nikainuka, nikaenda uani nikanawa uso kwa maji ya baridi, nikarudi. Chini kabisa ya skrini kulikuwa na ukubwa wa kila moja umeandikwa kwa tarakimu ndogo, nami sikuwa nimeuona kwa hofu. Nikachagua ndogo. Kabla ya kubonyeza nilipiga ishara ya msalaba, kama tulivyofundishwa nyumbani kabla ya safari.

Mfumo ulikubali. Lakini programu ya kufungulia faili la majina haikuwamo. Niliitafuta mpaka nikaikuta kwenye sidii ya tatu, na ilikuwa maandishi matupu, mamia ya kurasa za maneno ya mtungaji. Hapakuwa na njia nyingine ila kuikompaili.

Alhamisi asubuhi nikaandika amri ya kwanza, ile ya kuikagua mashine kama ina vyote vinavyotakiwa. Maneno yakaanza kupanda skrini: kinatafutwa hiki, kipo, kinatafutwa kile, kipo. Nikapumua. Mara ikasimama. Kuna kitu kilikosekana, maktaba fulani ya amri ambazo programu ile ilizitegemea. Nikaitafuta kwenye sidii zote. Ilikuwa kwenye ya nne, ile yenye mkwaruzo. Mashine iliisoma kwa kulia, inazunguka, inasimama, inazunguka tena. Ikasomeka. Nikaikompaili hiyo kwanza, halafu nikarudi kwenye programu.

Nilipotoa amri ya pili, ile ya kujenga, skrini ilijaa maandishi yanayokimbia kuliko jicho. Na katikati yake likawa linatokea neno moja, onyo. Onyo, mstari wa mia ngapi sijui. Onyo tena. Nikadhani mashine inaungua. Nikaisimamisha. Nikaianza upya, maonyo yakarudi, nikaisimamisha tena. Mara ya tatu matroni aliyekuwa mlangoni akaniuliza, "Kwani onyo ni kosa?"

Nikafungua karatasi za injinia. Pembeni aliandika kwa kalamu: maonyo yaache yapite, simama kwenye kosa tu. Nikaona aibu, nikaianza tena.

Matroni hakukaa mbali. Alikuwa na wagonjwa wa kuona, lakini kila baada ya muda alirudi, anasimama nyuma ya kiti changu, anaangalia skrini kisha ananiangalia mimi. Nilidhani haniamini. Saa tano hivi aliniwekea uji wa ulezi mezani, akasema, "Mwanangu, ikifunguka usiangalie. Niite kabla hujafungua faili. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Nilishangaa kwa nini aling'ang'ania ahadi, lakini nilikuwa na hofu zangu za kutosha.

Saa saba umeme ukakatika. Chumba kikawa kimya ghafla, na katika ukimya ule nilisikia jogoo wa jirani na sauti za wanawake wakisubiri kwenye benchi. Nililia. Nilikuwa na uhakika kazi yote ya asubuhi imepotea na diski imekufa. Niliwaza mgonjwa wa Mtowisa ambaye sikumjua jina, amelala mahali akisubiri gari, na gari halimfuati kwa sababu mimi niliacha disketi dirishani.

Umeme ulirudi saa tisa. Niliiwasha mashine kwa kidole kimoja, uso nimeugeuzia ukutani. Ikawaka. Nikatoa tena amri ya kujenga, na badala ya kuanza mwanzo, ikaendelea pale ilipoishia. Sikujua kwamba huwa inafanya hivyo. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kabla ya saa kumi na moja maandishi yakakoma, halikutokea kosa. Nikatoa amri ya mwisho, ya kuisimika. Kwenye skrini kikatokea kidirisha cha kijivu chenye jina la programu.

Hapo ndipo nilipaswa kuita. Naapa nilikusudia kuita. Lakini niliogopa kumwita matroni halafu faili ligome mbele yake, kwa hiyo nikasema nitalijaribu tu kama linakubali, kisha nilifunge. Nikalibonyeza. Programu ile haikuuliza chochote. Ilifungua moja kwa moja ukurasa wa mtu wa mwisho aliyeandikishwa.

Lilikuwa jina la dada yangu.

Jina lake la ubatizo, jina la baba yetu, Namanyere, na tarehe. Tarehe ile niliijua. Ilikuwa wiki mbili nyuma, siku niliyokuwa Mbeya kufuata wino wa printa. Dada alikuwa amekuja mjini kwa basi akalala kwangu, niliporudi nikamkuta anakunja vitenge, akasema alifuata hivyo vitenge tu. Tulikula wote maharage, akanisimulia habari za watoto, akacheka. Pembeni ya jina kulikuwa na neno moja la majibu, na nililisoma.

Nikalifunga faili. Sikumbuki nilivyoinuka. Nilimkuta matroni ukumbini nikamwambia, "Imefunguka, Mama. Njoo uangalie."

Alinitazama usoni muda mrefu. Sasa nilielewa kwa nini alisimama nyuma yangu siku nzima.

"Umeona?"

"Sijaona kitu, Mama."

Alinishika bega, akalibana mpaka likauma, akapita kwenda chumbani akafunga mlango. Nikamsikia anabonyeza kwa vidole viwili. Baadaye printa ikaanza kunguruma, na Ijumaa asubuhi gari lilipokuja bahasha ilikuwa tayari imefungwa kwa gundi.

Hofu iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko ya siku zile tatu. Ile ya mashine ilikuwa na mwisho. Hii sikujua ingeishia wapi. Sikuweza kumwambia mama yetu. Sikuweza kumuuliza dada, kwa sababu kumuuliza kungekuwa kulifungua daftari lile upya, na mimi ndiye niliyeajiriwa lisifunguliwe. Mume wake alikuwa mnunuzi wa mahindi, wa wale walioruhusiwa siku hizo kununua popote na kuvusha. Miezi anaipitisha barabarani. Nilimwogopa kwa alichomletea, kama ni yeye, na nilimwogopa kwa atakachofanya akijua. Kila basi la Namanyere lilipoingia niliangalia wanaoshuka. Kila barua iliyokuja kutoka kwao niliipapasa kwanza kabla ya kuichana. Kanisani nilikaa nyuma nikashindwa kusali kwa maneno, kwa sababu hata kwa Mungu niliona kama nasema siri ya watu.

Nilikonda. Mama akasema kazi ya kompyuta inanimaliza.

Dada alikuja mwenyewe, baada ya mavuno ya ulezi. Tulikuwa kwangu, tumekaa mkekani tunachambua maharage. Alisema, bila kuinua macho, "Mdogo wangu, nina jambo. Usilie."

Akaniambia. Kwamba ana virusi, kwamba mumewe naye amepima na wote wameanza dawa, kwamba siku za mwanzo zilimlaza kitandani na sasa anaweza kulima. Nililia ingawa alinikataza. Akasubiri nimalize, akanipangusa kwa upande wa kitenge chake kama alivyofanya tukiwa wadogo.

Kisha akauliza, "Wewe unafanya kazi pale pale. Ulikuwa unajua?"

"Hapana," nikasema.

"Kweli?"

"Majina anashika matroni. Mimi nashika mashine tu."

Alipumua kwa nguvu. "Nilikuwa naogopa hilo kuliko ugonjwa," akasema. "Nilipopima nilichagua siku ambayo hupo. Nilisema moyoni, mdogo wangu akija kujua, niwe mimi wa kumwambia."

Akarudi kwenye maharage. Nikachukua ungo wangu, nikaendelea naye. Miaka imepita sasa; matroni amekwisha kustaafu, kituo kimejengwa upya, na dada yangu yuko Namanyere na wajukuu wawili. Mumewe alifariki kwa ajali ya lori, si kwa ugonjwa. Jibu nililompa siku ile sijalibadilisha, na kila anapokuja kunitembelea bado naogopa ataniuliza tena.