Bi Chanuo Hageuzi Uso

Asubuhi, Bi Chanuo anasukuma mlango wa saluni kwa bega. Mkono wa kushoto bado hauinuki vizuri tangu apasuliwe. Anatandika mkeka, anakaa kwenye kigoda, anabana chanuo kwa meno. Mteja akija atakaa chini, katikati ya magoti yake, na pumzi ya msusi itamgusa kisogoni. Ndiyo kazi ilivyo. Na balaa lilianzia hapo hapo.

Mwaka jana madaktari walimkata kipande cha pafu chenye saratani. Hajawahi kuvuta sigara, wala marehemu mumewe hakuvuta. Mtaa haukusadiki.

"Wifi yangu alinusa nguo zangu kwenye kamba," anasema. "Nikamwambia, wifi, nusa na soksi, huenda navuta hizo."

Kisha daktari akamweleza jambo linalochunguzwa. Katika baadhi ya uvimbe wa mapafu, hata ya wasiovuta, watafiti wamekuta alama za virusi, vikiwemo vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Wengine wametafuta wasivione. Kama ndivyo vilivyoanzisha ugonjwa au vilipita tu, hakuna mwenye hakika. Akaombwa ruhusa kipande chake kipimwe.

Alirudi saluni akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Akaitangaza habari huku akimsuka muuza mitumba wa kibanda cha pili.

"Virusi?" Muuza mitumba alishtuka. "Na unanipumulia, shoga?"

"Saratani haiambukizi. Keti."

Hakuketi. Aliondoka upande mmoja mistari, upande wa pili kichaka. Kufikia jioni benchi lilikuwa tupu.

"Nilipokuwa mvutaji wa kusingiziwa, walinisema huku nawasuka," anasema. "Nilipopata virusi vya labda, wakanikimbia. Bora wanafiki. Wao hulipa."

Dada yake alimsihi akatae kipimo. "Wakivikuta, saluni imekufa. Nyamaza, yatapoa."

"Ninyamaze niitwe mvutaji mpaka kaburini? Sitaki!"

Mlango unagongwa. Ni muuza mitumba, kitambaa hadi kwenye nyusi. Amezunguka kwa wasusi wengine. Kila mmoja amemtaka afumue yote, maana mkono wa Bi Chanuo hauigiki.

"Nimalizie, dada. Ila geuza uso pembeni."

"Nikigeuza uso nitakusuka shavu. Kaa, au kanunue kofia."

Anakaa. Shingo imekakamaa kama mpini wa jembe. Mistari mitatu baadaye imelegea. Anasinzia, kama wanavyosinzia wote mikononi mwake.

Kesho Bi Chanuo anakwenda hospitali kutoa ruhusa.

"Wavikute, wavikose, mimi nataka kujua kilichonila pafu. Na jibu likija litasomwa hapa, kwa sauti, mlango wazi. Anayeogopa akae kwake, ajisuke."

Anampiga muuza mitumba kofi dogo begani.

"Inua kichwa, shoga. Siku hiyo utakaa mbele."