Kabla ya kuifuta mashini, fundi wa Bagira huuliza kama kuna watu ndani

Saa mbili asubuhi umeme unarudi Bagira, kitongoji cha Bukavu. Friji ya jirani inaanza kunguruma, redio ya kinyozi inaanza kusema katikati ya sentensi, na Adélaïde Bulonza anaweka kikombe chini kabla hajamaliza chai. Umeme ukija, chai hungoja.

Juu ya meza yake imelala kompyuta mpakato ya kijivu, tumbo wazi. Haina gundi popote. Kila kipande kimeshikwa kwa skrubu na kimeandikwa jina lake, kana kwamba aliyeiunda alijua kwamba siku moja itafika mahali pasipo na duka la vipuri.

Upande wa pili wa meza ameketi mwenye mashini, mama wa makamo aitwaye Eulalie, mkoba magotini. Adélaïde anamwuliza swali analomwuliza kila mteja anayeleta mashini ya kufutwa.

"Kuna batu ndani?"

"Maman Adé," anajibu Eulalie, "mule iko chorale muzima."

Hatanii. Mume wake, Grégoire, aliongoza kwaya ya parokia kwa miaka mingi. Nyimbo alizitunga kwa Kimashi, lugha ya kwao, akazirekodi jioni za mazoezi kwa mashini hii, na hakuzinakili popote pengine. Alifariki Aprili mwaka huu wa 2025, wiki chache baada ya waasi kuuteka mji mwezi Februari, presha ikiwa juu na dawa zikiwa adimu.

Waimbaji nao walitawanyika. Wengine wako kambini Burundi, wengine Uganda, mmoja alifika Kinshasa. Sauti zao za pamoja zimebaki ndani ya kompyuta hii, na kompyuta imefungwa, na nenosiri analolijua Eulalie inalikataa.

Eulalie amekwisha kupata mnunuzi. Saa sita mchana atakuja kuichukua, ikiwa tupu na imewekewa Windows. Shule zimefunguliwa, benki zimefungwa, na watoto wake watatu wanasubiri karo. Kwa hiyo kwaya ya Grégoire ina asubuhi hii moja tu.

Adélaïde ana umri wa miaka thelathini na minane. Kibanda chake ni cha mbao, kina meza moja, viti viwili na ukuta uliojaa nyaya. Kuosha mashini, yaani kuifuta, na kuiwekea mfumo mpya ni dola kumi, anasema, ingawa tangu Februari wengi hulipa nusu na kuongezea maharage au mkaa.

Mafundi wa kompyuta Bukavu si haba. Lakini zile zinazoitwa hapa "mashini za ajabu" huishia kwake. Kuna moja ndogo kama kitabu cha misale cha kanisani. Kuna nyingine ambayo kioo chake hung'oka kikabaki mkononi. Ipo iliyoundwa kwa ajili ya watoto wa shule, kijani kibichi, inayokunywa umeme wa paneli ndogo ya jua. Zilifika na wafanyakazi wa mashirika, au katika vifurushi vya ndugu walioko Ulaya, na nyingi zinaendeshwa kwa Linux, mfumo usio Windows.

"Batu banaileta banasema, Adé, hii iko malade, iko mugonjwa, haina Windows," anaeleza. "Ninabaambia, haiko malade. Inasema luga ingine, njo vile tu."

Yeye mwenyewe aliijua lugha hiyo kwa bahati. Miaka kumi na mitatu iliyopita alikuwa akiuza vocha za simu mjini. Mgeni mmoja aliyekuwa anaondoka kwa haraka alimwachia kompyuta ndogo ambayo hakuna aliyetaka kuinunua. Hakuwa na pesa ya intaneti. Akagundua kwamba ndani ya Linux mlikuwa na maelezo ya kila amri, ukurasa kwa ukurasa, bila kuhitaji mtandao.

"Ilikuwa na kitabu chake mu tumbo. Nikasoma. Pale sikusikie kitu, nikasoma tena."

Swali lake kuhusu watu lina umri mkubwa kuliko kazi yake. Mwaka 1996, vita ya kwanza ilipofika, familia yao ilitoka kijijini kwao, Mumosho, kwa miguu. Kila walipotafuta pa kulala walikuta nyumba zimeachwa, milango wazi. Mama yake hakuingia hata nyumba moja bila kubisha na kuuliza: kuna watu?

"Tulikuwa tunamucheka. Mvua inatupiga, yeye anabisha ku nyumba ya bure. Anangoja. Kisha njo anaingia." Adélaïde anapangusa bisibisi kwa kitambaa. "Siku moja mutu alijibu. Bibi muzee, alikuwa chini ya kitanda. Tangu ile siku hatukucheka tena."

Eulalie anasikiliza huku akitazama saa ya simu yake. Anasimulia mambo yake kwa kifupi, kama mtu aliyekwisha kuyasimulia kwa mafundi wengine. Grégoire alimpa nenosiri akiwa kitandani, siku mbili kabla ya kufa. Neno lenyewe ni Nyamuzinda, jina la Mungu kwa Kimashi, herufi zote ndogo. Alimfanya alirudie.

"Nikaandika. Inakatala. Nikaandika polepole. Inakatala. Nikaenda kwa fundi wa Kadutu, anasema tuifute. Nikaenda kwa mwingine, njo vile vile."

Mafundi hao hawakukosea. Grégoire alikuwa ameifunga diski yote kwa nenosiri hilo. Hata ukiing'oa na kuiweka kwenye mashini nyingine, husomi kitu. Bila neno sahihi kinachobaki ni kuifuta.

Kisha Eulalie anasema jambo ambalo pengine hakuwaambia mafundi hao.

"Ninajiuliza, mutu anakufa, anapatia bibi yake funguo ya uongo? Alikuwa anaficha nini?"

Adélaïde anafunga tumbo la mashini. Anawasha mashini, anamgeuzia, anamwomba aandike mbele yake. Eulalie anaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi na kuitamka kwa sauti ya chini. Hakosei hata moja. Mashini inakataa.

Fundi anaizima. Anaiinua, anaitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga wa mlango. Pembe za mashini zimechakaa, kifuniko kina mikwaruzo, na mahali pa kupumzishia viganja pamelika na kung'aa. Lakini vitufe vya kibodi ni vyeusi, vikavu, kama vya dukani.

"Maman Eulalie. Hii mashini iko muzee, lakini meno yake iko mupya."

"Meno?"

"Clavier. Nani aliibadilisha?"

Eulalie anafikiri. Ndiyo, anasema, ilikuwa Noeli. Dada yake Grégoire alituma kifurushi kutoka Ubelgiji: soksi, chokoleti na kitu bapa kilichofungwa kwa plastiki. Grégoire alikaa sebuleni na bisibisi adhuhuri yote, akipiga mluzi, akiwafukuza watoto wasiguse skrubu. Mashini za aina hii humruhusu mwenyewe kubadilisha kipande. Alikuwa amechoka kuandika Kifaransa kwenye kibodi isiyo na herufi zenye alama kama é.

"Na mbele ya Noeli, clavier ilikuwa ya wapi?"

"Alinunuaka mashini kule ng'ambo, Kamembe."

Adélaïde anaweka mashini mezani taratibu.

Kwa msomaji asiyekaa mpakani, jambo lenyewe ni hili. Upande wa Kongo kibodi hupangwa kwa utaratibu wa Kifaransa, herufi A ikiwa juu kabisa pembeni. Upande wa pili wa mto Ruzizi, uliko mji wa Kamembe, kibodi nyingi zinazouzwa ni za utaratibu wa Kiingereza: mahali petu pa A wao wana Q, petu pa Z wao wana W, na M yetu haipo pale walipoiweka wao. Anayevuka daraja na barua ya haraka huijua adha hiyo.

Grégoire alibadilisha vitufe. Hakuibadilisha akili ya mashini pale mlangoni, mahali inapouliza nenosiri. Hapo bado inasikia Kiingereza. Ukibonyeza A, yenyewe inasikia Q.

"Lakini yeye alikuwa anaifungua kila siku," anapinga Eulalie. "Na ile clavier mupya!"

"Alikuwa anaitazama?"

Eulalie anaitazama ile kibodi. Anainua mikono yake juu ya mkoba, vidole vimekunjwa, kama mtu anayepiga kinanda.

"Hapana," anasema. "Hakutazamaka. Kama ku harmonium. Alikuwa anafunga na macho."

Kwa neno hilo, vidole vya Grégoire viliendelea kwenda mahali pa zamani. Herufi zilizochorwa juu havikuziuliza. Alipomwambia mkewe neno, alisema kweli. Hakukumbuka tu kwamba mkewe ataandika kwa macho.

Adélaïde angeweza kuliandika mwenyewe sasa. Badala yake anainama chini ya meza, anavuta kapu, anatoa kibodi ya zamani ya plastiki, manjano kwa uzee, iliyotoka ng'ambo kama ile ya kwanza. Anaipangusa vumbi, anaichomeka ubavuni, anaisukuma kwa mteja wake.

"Andika, maman. Vile alikuambia."

Kidole kinaanza safari upya. N. Y. A, iliyohamia mstari wa kati. M inatafutwa kwa muda. Eulalie anatamka kila herufi. Baada ya A ya mwisho anabonyeza kitufe kikubwa na kuondoa mkono haraka, kama aliyegusa sufuria.

Kioo kinakuwa cheusi. Kisha kinakuwa na rangi.

Hakuna anayeshangilia. Eulalie anaufunika mdomo kwa kiganja.

"Hakunidanganya," anasema. Na tena, kwa sauti nyingine: "Grégoire, hukunidanganya."

Isidore, mnunuzi, anafika kabla ya wakati, kofia kisogoni, akiwa na mfuko wa kubebea mashini. Anauza nguo soko la Kadutu na anataka kompyuta kwa binti yake anayeanza chuo. Anakuta wanawake wawili wameinamia mashini, waya umetoka ubavuni kwenda kwenye diski ya nje.

"Bon, iko tayari?"

"Papa Isidore, ngoja kidogo. Batu banatoka," anasema Adélaïde bila kuinua kichwa.

"Batu gani? Miye nanunua mashini, sinunue batu."

Ndipo Adélaïde, kuhakikisha kwamba rekodi zinapita salama, anafungua mojawapo. Mikwaruzo ya viti. Kikohozi. Kisha sauti ya Grégoire mwenyewe, ya karibu sana, yenye hasira ya mtu asiye na hasira: "Patrice, jeudi ni jeudi! Tunaanza saa kumi, weye unakuya saa kumi na moja, unafikiri Bwana Yesu iko na saa yako?" Kicheko cha watu wengi waliokuja mazoezi ya Alhamisi. "Tena. Ba-alto, musilale. Moja, mbili..."

Wimbo unaanza. Hauko kamili. Mahali pamoja wanasimama na kurudia. Kinyozi wa jirani amezima redio yake.

Eulalie anatazama kioo, ingawa hakuna cha kutazama ila mstari unaotembea. Patrice yuko kambini Burundi, ananong'ona. Sauti ya juu kabisa ni ya Joviale, aliyefika Kinshasa.

Isidore amevua kofia. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anakunja uso.

"Ule wa bass," anasema, "anashuka mbaya pale ku mwisho."

"Weye unajua nini?" Eulalie anamgeukia kwa ukali.

"Nilikuwa bass mu chorale ya Cahi, miaka saba."

"Na uliacha juu ya nini?"

"Vita, maman. Batu balienda. Bass peke yake anaimba nini?"

Wanangoja rekodi zimalizike kupita. Katikati ya kazi umeme unakatika na wote watatu wanatazama taa ya betri, inashika. Isidore, ambaye angeweza kununua mashini nyingine mjini, anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa na haulizi tena saa.

Zinapomalizika, Adélaïde anazikagua moja moja kwenye diski, kisha kwenye simu ya Eulalie. Anarudi kwenye mashini, anaweka vidole juu ya kibodi, na anasubiri.

"Maman Eulalie. Kuna batu ndani?"

Eulalie anaitia simu yake mkobani, anafunga zipu.

"Balitoka."

"Bote?"

"Bote. Osha."

Anaosha. Kwa masaa yaliyobaki ya betri na umeme unaorudi, mashini ya Grégoire inapokea mfumo mpya, na safari hii fundi anahakikisha inasikia Kifaransa tangu mlangoni.

Tunamwuliza Adélaïde anataka nini baada ya haya. Anafikiri huku akikusanya skrubu kwenye kifuniko cha chupa. Anataka paneli ya jua na betri, ili kazi ya namna hii isitegemee umeme wa bahati. Na hali ikitulia anataka kufungua meza ya pili Mumosho, kwao, akae huko siku mbili kila wiki, awafundishe mabinti wawili watatu. Ametafuta nafasi karibu na soko. Mbao anazo tayari, anasema. Zimeegemea ukuta wa nyumba ya mama yake.

"Nitabafundisha skrubu na amri. Lakini mbele ya yote, kubisha."

Eulalie naye atawatumia waimbaji nyimbo kwa simu, kila mmoja alipo. Waliobaki Bagira ni sita, wengi wao wanawake. Misa ya kumkumbuka Grégoire ni Aprili mwakani, na anataka waimbe nyimbo zake wenyewe, hata wakiwa sita.

Isidore amekwisha kulipa. Ameivaa kofia, ameitia mashini kwenye mfuko wake, ameaga. Anafika mlangoni, anasimama na kugeuka.

"Hii chorale yenu," anasema, "mazoezi iko siku gani?"

"Jeudi, saa kumi," anajibu Eulalie. "Na usikuye saa ya Patrice."