Nguzo Iliyovaa Bendera

Shangazi yangu ni fundi cherehani na hajawahi kufumua mshono wake. Mteja akirudisha nguo akisema inabana, Shangazi anamtazama kuanzia juu mpaka chini, halafu anamuuliza siku hizi anakula nini. Mteja anaondoka na nguo yake vilevile, na anaomba radhi.

Anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, pamoja na mama yangu, ambaye ni wifi yake. Katikati ya chumba kuna nguzo ya zege inayobeba dari. Upande wa dirishani ni wa Shangazi, upande wa mlangoni ni wa Mama, na hawasemeshani. Ugomvi ulianzia kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Kila mtu alishona mkono mmoja, na mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake. Bibi harusi aliolewa nalo hivyohivyo na sasa ana watoto, lakini suala la mkono upi ulikosewa bado liko mezani. Mimi nimeliulizia mpaka nikafukuzwa.

Kutosemeshana si kunyamaza. Wanaongea na pasi.

"We pasi," Mama anasema, "mwambie aliyechukua mkasi aurudishe."

"Pasi," Shangazi anajibu bila kuinua macho, "mwambie mkasi hakuja nao kutoka kwao."

Basi nchi yetu ikapewa kuandaa mashindano ya kandanda ya bara zima. Redio ikawa inataja umoja kabla ya kila tangazo la sabuni. Mashimo ya barabarani yaliyokuwepo kabla sijazaliwa yakazibwa. Kinyozi wa mtaani akaanza kuwanyoa watu ramani ya nchi kisogoni. Kisogo cha muuza mkaa ni kikubwa, kikatosha hadi kipande cha nchi jirani.

Katibu wa kamati ya mashabiki, ambaye sote tunamwita Kipaza kwa sababu hajui kunong'ona, akaja kwetu kutafuta fundi. Alitaka bendera ya kufunika jukwaa zima la uwanja, ipande juu ya vichwa vya watu wakati wa wimbo wa taifa, dunia nzima ione.

"Nani ataiweza?"

"Mimi," alisema Shangazi.

"Mimi," alisema Mama.

"Shoneni wote!" Kipaza alipiga kelele kwa furaha. "Si ndiyo taifa lenyewe hilo?"

Wakashona. Kila mmoja aliunga vipande vya upande wake mpaka ikapatikana nusu bendera kwa dirishani na nusu bendera kwa mlangoni, malundo mawili makubwa kiasi kwamba nilikuwa naingia chumbani kwa kutambaa. Ukabaki mshono mmoja tu, ule mrefu wa kuziunganisha nusu mbili. Watu wengine wangekaa wakapanga. Shangazi alianza kutoka ncha moja ya mshono, Mama akaanza kutoka ncha ya pili, kila mtu akiivuta kwake na kukanyaga cherehani kama anafukuzwa. Walikuwa wakutane katikati. Na kweli walikutana katikati, ila katikati palikuwa na nguzo.

Hakuna aliyegundua mpaka asubuhi ya mechi ya ufunguzi, lori lilipokuja. Vijana wa Kipaza walishika bendera wakavuta. Ikakwama. Wakavuta tena, vumbi la dari likatumwagikia. Kipaza aliizunguka ile nguzo, akainama, akachungulia.

"Imefungwa hapa?"

"Imeshonwa," alisema Shangazi.

Ilikuwa imeshonwa kweli. Mshono ulitoka dirishani ukafika kwenye nguzo, ukaanza tena ng'ambo ya nguzo ukaenda mlangoni. Nguzo ilikuwa imevaa bendera ya taifa kama mtu anavyovaa kanzu, na kuivua ilikuwa lazima ufumuliwe mshono mzima wa mmoja wao, kuanzia kwenye nguzo mpaka mwisho.

"Fumueni basi, tunachelewa!"

"Pasi," alisema Mama, "mwambie katibu, wangu uko sawa."

"Na wangu pia, pasi."

Kipaza akaitazama pasi. Akanitazama mimi. Nikamwambia ndivyo wanavyofanya.

"Lete mkasi," akawaambia vijana wake. "Tukate hapa kidogo, nani ataona kwenye televisheni?"

"Thubutu!" Mama na Shangazi walisema pamoja, kwa sauti moja, na Kipaza mwenyewe akarudi nyuma.

Nje dereva alipiga honi. Shangazi aliiangalia bendera, akaiangalia nguzo, na mimi nikamwangalia yeye, kwa sababu nilijua kinachoulizwa pale: nani atafumua wa kwake. Wapo watu mtaani wanaosema wao watakufa na sanda zao zitaoza, mshono wa Shangazi utabaki. Anapenda sana kusikia hivyo. Alikaa chini sakafuni, akatoa wembe kwenye droo, akaanza kufumua wa kwake.

Alikuwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino na anayeng'oa ni yeye mwenyewe.

Mama akachukua wembe wake, akavuka nguzo, akaingia upande wa dirishani ambako sijawahi kumwona akikanyaga, akakaa na kuanza kuufumua mshono huohuo kutoka ncha ya pili.

"Mshono wako mgumu, wifi," alisema baada ya muda.

"Ulitaka ulegee?"

Hakuna pasi iliyohusika. Niliangalia vizuri.

Walipanda lori nami nikafuata, wakakaa juu ya ile bendera, sindano za mkono vidoleni, wakashona njia nzima huku watu wa barabarani wakiwapigia makofi bila kujua wanachoshangilia. Uwanjani tulifika na mshono haujaisha. Ilibaki nafasi ambayo mtu angepitisha ng'ombe. Kipaza akataka kulia.

"Pandisha," Shangazi alimwambia. "Hapo tutashika."

Kwa hiyo wimbo wa taifa ulipopigwa, sisi hatukuona kitu. Tulikuwa chini ya bendera, gizani, joto kama ndani ya godoro, na jukwaa zima likiimba mpaka saruji inatetemeka miguuni. Shangazi na Mama walisimama wamekabiliana, mikono juu, kila mmoja ameshika ukingo wake, ngumi zimegusana ili pasiachane. Mimi na mashabiki tusiowajua tulishika palipobaki. Shangazi aliimba beti zote. Jasho lilikuwa linamtiririka na hakuna mkono wa kulifuta.

"Wifi," alisema wimbo ukiendelea, "pua inaniwasha."

Mama hakuachia. Aliinama, akamkuna kwa bega lake.

"Hapo?"

"Juu kidogo."