Meza ya Kujimiminia

Katika harusi zote za utoto wangu, sikumbuki kumwona mama amekaa. Siku zote alikuwa nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa moshi, akituma masinia mbele. Kwa hiyo dada yangu alipoposwa, katikati ya miaka ya sabini, nilimwapia mama kwamba safari hii atakaa mkekani mbele ya watu, amejifunga kitambaa chake kipya. Alicheka, akaniuliza nani atawapa wageni vinywaji. Nikamjibu kwamba watajipa wenyewe.

Nilikuwa nimerudi kwetu Koboko kutoka masomo ya ualimu Kampala, na kichwa kilikuwa kimevimba kidogo. Kule chuoni nilihudhuria sherehe bustanini, kila mtu akijimiminia alichotaka, wala hakuna mwanamke aliyekimbizana na sinia. Nikaona huo ndio ustaarabu.

Nilianza kazi siku mbili kabla. Nilimwaga mchanga kwenye kivuli cha nyumba, nikaulowesha, nikazika ndani yake mitungi mitatu mpaka shingoni ili ipoe. Mmoja niliutia karkade, ile sharubati nyekundu ya maua yaliyochemshwa, mmoja ukwaju, mmoja tangawizi. Pembeni niliweka meza yenye kitambaa nilichokidarizi maua mwenyewe, na juu yake vikombe vya bati nilivyoazima kwa majirani wote, pamoja na kata za kibuyu za kuchotea. Nilipomaliza nilisimama mbali nikaitazama, nikajipenda sana.

Siku ya harusi jua lilikuwa la kiangazi hasa. Upande wa bwana harusi walifika kwa lori kutoka Arua baada ya swala ya adhuhuri, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa mkekani tayari, magoti ameyabana kama mtu anayengoja sindano. Niliwaonyesha wageni meza, nikawaambia wasione haya, wachote wapendacho. Walishukuru vizuri. Wakakaa.

Nikapita mara ya pili, nikatabasamu, nikaonyesha tena. Koo zilikuwa zimekauka, niliona watu wakimeza mate, lakini mitungi waliitazama kama mali ya jirani. Mwishowe nilimwendea mjomba wa bwana harusi, askari mstaafu, nikamwomba aanze yeye ili wengine wafuate. Alinitazama kwa huruma.

"Binti yangu, kupanga mustari na kikombe ni kazi ya kuruta," akasema taratibu. "Mimi nilimaliza mambo ya kambi zamani. Hapa si iko nyumba ya watu?"

Wazee wale karibu wote walikuwa wametumikia jeshi, na wasiotumikia walizaliwa na askari. Mimi na elimu yangu nilikuwa nimewafungulia kambi, tena yenye kitambaa cha maua. Nikageuka, nikaona mama amesikia kila kitu. Alikuwa anakusanya nguo yake ainuke, arudi nyuma kwenye masinia. Nilitaka kulia, sifichi. Kumwona amekaa ndilo jambo pekee nililokuwa nimepigania siku zote hizo.

Kabla hajasimama, mama mzazi wa bwana harusi alimtangulia. Alikuwa mwanamke mnene asiye na haraka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mitungi, akachota karkade, akaja nayo na kupiga magoti mbele ya mama.

"Kaa, mama ya bibi arusi," alisema. "Mutu hawezi kujipa mwenyewe. Lakini mimi naweza kukupa wewe."

Basi yule mjomba akainuka kumchotea jirani yake, na jirani akaona aibu, akaenda kumchotea yeye. Muda si mrefu meza ilikuwa na msukumano, kila mtu akitafuta wa kumpa. Mjomba huyo alibeba vikombe vinne kwa pamoja akijisifu kwamba hajamwaga tone, na wanawake wakamcheka kwa sababu kanzu yote ilikuwa nyekundu. Mimi peke yangu nililetewa vitatu, nikavinywa vyote.

Mama alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akanywa tena. Miaka yote hiyo alikuwa akiionja karkade jikoni, ya moto, kijiko kimoja tu, kujua kama sukari imetosha.

"Kumbe iko tamu hivi," aliniambia, "wakati iko baridi."