Vidonge vya Chai ya Kijani Nilivyompa Pacha Wangu

Nimekosa. Naanza na hilo, ili usije ukanionea huruma kabla hujajua unamhurumia nani.

Nikikuambia naitwa Kulwa sijajitaja, maana kwetu Usukumani kila pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Tumejaa. Mimi ni mmoja tu, fundi cherehani wa Mkolani, hapa Mwanza. Doto wangu aliolewa Magu, kwa mkulima wa mpunga.

Mama alitulea kwa desturi moja. Anachopewa Kulwa, Doto apewe. Magauni mawili, ndala mbili. Hata dawa! Mmoja akiugua malaria, wote tunameza. Mama aliamini ugonjwa wa pacha mmoja uko njiani kumfuata mwenzake.

Enzi hizo dawa ilikuwa klorokwini. Mimi nilimeza nikalala. Doto alijikuna mwili mzima mpaka analia, anajisugua mgongo kwa gunzi la mahindi. Dawa ile ile, kipimo kile kile! Tulimcheka. Tukasema Doto anapenda kudeka.

Kumbuka gunzi hilo. Mimi nililisahau.

Mwaka juzi kliniki waliniambia nipunguze uzito, presha inapanda. Mteja wangu mmoja akanionyesha vidonge vya chai ya kijani, kopo jeupe lenye picha ya majani. Nikameza miezi miwili. Nikapungua kweli, na mwili ukawa mwepesi. Nilijipima kwa futi yangu ya kushonea kila Jumapili, nikafurahi kama mtoto.

Wakati huo binti wa Doto alikuwa amechumbiwa. Mimi na Doto tungevaa sare, kama kawaida yetu. Doto akaja Mkolani nimpime.

"Shikamoo, mkubwa wa dakika kumi!" Ndivyo alivyonisalimia siku zote.

"Marahaba, mtoto. Ingia."

"He! Kulwa, nyama umempa nani? Umebaki mifupa na mdomo!"

Nikamwonyesha kopo jipya nililomnunulia. Akalinusa, akakunja uso. "Mimi chai yangu ni ya maziwa, bwana."

"Utameza. Magauni nimekwisha kuyakata, yote kwa kipimo changu."

Nilikuwa nimeyakata kweli kabla ya kumpima. Akacheka, akatia kopo kwenye mkoba. Hakuuliza zaidi. Tangu lini Kulwa akala kitu Doto asile?

Wiki ya tatu akanipigia simu. Anachoka, chakula kinamtapisha, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi.

Nikamwambia, "Hiyo ni sumu inatoka. Hata mimi mwanzoni nilichoka hivyo hivyo."

Uongo! Sikuwa nimechoka hata siku moja. Nilitaka tu avumilie.

Akavumilia. Siku kumi baadaye shemeji akamleta Mwanza, macho ya njano kama ndizi mbivu. Nikawakuta hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akauliza polepole.

"Mama, kuna dawa yoyote unatumia? Ya duka, ya kienyeji, hata ya majani?"

Shemeji alikuwa ametoka kwenda kuandikisha. Doto akanitazama mimi. Hakumtazama daktari, alinitazama mimi.

Nikasema, "Hapana, daktari. Hatumii kitu."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliona aibu. Niliogopa kuambiwa mbele ya wauguzi kwamba nimemlisha ndugu yangu sumu. Na moyoni nilijisemea haiwezi kuwa vile vidonge, mbona mimi mzima? Sisi si mapacha?

Doto akasema, "Kama alivyosema dada."

Siku ya tatu wodini nilimpelekea uji. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo jeupe, akameza vidonge viwili mbele yangu.

"Doto! Bado unameza?"

"Si vyetu hivi? Hukuniambia niache."

Sikuwa nimemwambia aache. Ukimwambia daktari hakuna kitu, utamwambiaje mgonjwa aache kitu?

Nikanyakua kopo, nikakimbia nalo kwa daktari. Alisoma maandishi ya kopo muda mrefu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nyie ni mapacha wa kufanana?"

"Hapana. Yeye mrefu mweupe, mimi ndiyo hivi unavyoniona."

"Basi kwa urithi nyie ni kama dada wengine wowote, mmezaliwa siku moja tu. Kila mmoja alichukua vyake kwa baba na mama." Akaniambia kikombe cha chai ya kijani watu wengi wanakunywa na hakiwadhuru, ila vidonge vile ni vikombe vingi vilivyokamuliwa kuwa kidonge kimoja. Hata hivyo wengi wanameza na hawapati kitu, kama mimi. Wachache wamezaliwa na urithi fulani kwenye chembe za mwili, na kwao kinga ya mwili wenyewe inaligeukia ini. Usoni haionekani. "Sina kipimo hapa cha kuthibitisha kwamba dada yako ni mmoja wao," akasema, "lakini nikiweka kopo hili kando ya majibu yake, naona hivyo."

Hapo ndipo gunzi la mahindi liliponirudia. Mwili wake ulishatuambia tukiwa watoto kwamba haukuwa kama wangu. Tukaucheka!

"Ningesema siku ile, angepona?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini angeacha kumeza siku ile."

Doto alifariki wiki iliyofuata. Lile gauni lake la sare tulimzika nalo. Lilimkaa vizuri, bila kurekebisha hata mshono mmoja.

Msibani watu walinipa pole mimi kuliko watoto wake. Mama yetu alinishika mkono akasema nimebaki nusu. Wanawake walininywesha uji kwa kijiko. Nikanywa, nikanyamaza.

Miezi minne nilinyamaza. Kisha nikaenda Magu. Shemeji alikuwa uani anageuza kwa reki mpunga uliokuwa unakauka kwenye turubai. Nikamwambia yote, mpaka lile neno "hapana" la hospitali. Hakusimama. Aliendelea kugeuza, mstari baada ya mstari.

Kisha akasema, "Vidonge nilikuwa najua. Nilimwambia aache tangu alipoanza kutapika. Akasema, 'Kulwa anameza, nitamwachaje ameze peke yake?'"

"Mbona hukuniambia, shemeji?"

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Hospitali sikujua kwamba mliulizwa mkakana, nilidhani daktari anajua." Akaegemea mpini. "Hilo la hospitali limeniuma, shemeji. Leo nenda. Utakuja siku nyingine."

Sijaitwa bado. Namwelewa.

Mama bado sijamwambia. Nikimwambia, atakumbuka ni nani aliyetuzoesha kumeza pamoja, na ana umri mkubwa sana kubeba hilo. Lakini nitamwambia, maana nimeona kunyamaza kwangu kulichofanya.

Wewe unayesoma, kitu kikikufaa, sema kimekufaa wewe. Usikikate kwa kipimo chako ukamvisha ndugu yako, hata kama mlilala tumbo moja. Na daktari akiuliza mgonjwa anatumia nini, taja, hata kama ni majani tu. Ona aibu, lakini taja!

Gauni langu lipo, limetundikwa nyuma ya cherehani. Wateja wanaliulizia, wanasema ni zuri, nani amelikataa.

Nawaambia ni la sare, na mwenzake ameshavaliwa.