Siku Niliyoiuza Bila Kuonyesha Mpaka

Nakumbuka siku moja niliyoiuza kwa simu, nimesimama juu ya jiwe pale Malindi, ile ya milimani Lushoto, si ya pwani. Wakati huo mtandao kwetu ulipatikana juu ya jiwe lile tu, na mwenye shida ya kupiga simu alipanga foleni nyuma yako, akasikiliza mambo yako yote bila malipo.

Mwanangu, ndiyo kwanza nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya ufundi umeme, Lushoto mjini. Bisibisi ya kupimia umeme haikutoka mfukoni mwa shati: harusini nayo, msibani nayo. Kwa majigambo yangu ungedhani hata jua nimelifunga nyaya mimi.

Aliyenipigia ni Bwana Sefu, wakala wa ajira kutoka Tanga. Kazi yake ilikuwa kutafuta mafundi na kuwapeleka kwenye majengo ya watu, naye akabaki na chake katikati. Akaniambia kuna nyumba ya wageni inajengwa njia ya Mlola, wanataka fundi wa kujitegemea. Kujitegemea, alinieleza kwa upole, maana yake vifaa ni vyangu, nauli ni yangu, na hata homa nikiugua ni yangu. Kisha akauliza nachukua ngapi kwa siku.

Mimi ni mtoto wa gulio. Gulioni unapandisha, mwenzako anakata, mnakutana katikati mkicheka. Basi nikataja bei iliyonyamazisha foleni nzima. Hata kabichi za jirani nadhani ziliinua vichwa. Nikasubiri akate.

"Sawa," akasema. Hakukohoa hata kidogo.

Mwanangu, mnunuzi akikubali bila hata kukohoa, usishangilie. Rudi nyumbani ukahesabu mbuzi wako. Mimi nilishangilia. Kabla sijashuka jiweni, habari zilikuwa zimefika kwa Mzee Shekiondo, baba yake Rehema, binti niliyekuwa nikimposa. Habari za uzuri wa Rehema siziandiki hapa, kwa kuwa anasoma begani kwangu na atadai niongeze. Mzee alikuwa akinizungusha, akisema kazi yangu hajaiona, ameona bisibisi tu. Jioni hiyo akatuma neno: kesho ukitoka kazini, pita tuzungumze.

Kesho yake nikaingia kazini na umande, watu wakisalimiana "onga maundo", salamu yetu ya asubuhi. Nikazima umeme wa jengo zima ili nifunge nyaya kwa usalama, nikachapa kazi. Sasa, kwetu milimani mwenye kibarua cha shamba huingia na umande na kutoka saa saba. Watu wakianza kusalimiana "onga mshi", salamu ya mchana, jembe linapanda begani na siku imekwisha. Hakuna anayemuuliza mwenzake. Basi niliposikia "onga mshi" ya kwanza nikanawa mikono, nikachomeka bisibisi mfukoni, nikaenda zangu kutafuta mke.

Kwa Mzee nilikuta chai na viazi. Nimefika pale ninapoeleza jinsi nilivyompigisha magoti wakala wa Tanga, akakubali bila hata kukohoa, mara gari likasimama mlangoni. Akashuka Bwana Sefu, jasho tupu. Akamwamkia Mzee shikamoo, kisha akanigeukia.

"Fundi, maseremala wa zamu ya mchana wamekalia mbao tangu saa saba, msumeno hauna umeme. Umeuzima ukaenda wapi?"

"Siku imekwisha, bwana."

"Siku gani inayokwisha saa saba?"

"Ya huku."

"Yangu mimi inakwisha saa kumi na mbili jioni."

Hapo, mwanangu, chai iligeuka maji ya bahari. Nilikuwa nimeuza karibu siku mbili kwa bei ya moja, tena nikacheza ngoma juu ya jiwe. Jikoni nikasikia mtu anabana kicheko. Mpaka leo Rehema anasema ulikuwa moshi.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. "Kijana, mtu akija kununua shamba, unamwonyesha nini kwanza?"

Nikasema mpaka.

"Basi na siku ni shamba. Umeiuza bila kuonyesha mpaka." Bwana Sefu akacheka, na Mzee akamgeukia yeye. "Usicheke, baba. Wewe mzoefu wa kununua, mbona hukuuliza?" Kisha akarudi kwangu. "Ulishasema sawa. Nenda ukamalizie siku yake. Kesho uza upya. Binti yangu simpi mtu anayeacha wenzake hawana umeme akaja kunywa chai."

Nikarudi kwenye gari la yule yule niliyempigisha magoti. Saa kumi na mbili taa zikawaka. Asubuhi, kabla sijagusa waya, nikaanza na mipaka: naingia saa ngapi, natoka saa ngapi, nauli ya nani, mvua ya huku ikitufungia kazi siku inahesabiwaje. Bei nikaitaja mwisho. Mwanangu, alikohoa. Alikohoa mpaka nikataka kumletea maji. Akavua kofia, akataja watoto wake na ada zao. Tukakubaliana pale kila mmoja alipoumia kidogo.

Mzee alinisubiri njiani. Hakuuliza bei.

"Alikohoa?"

"Alikohoa sana, Mzee."

"Basi lete mshenga."

Sasa wewe, mwanangu, mawakala wanakupata kiganjani, huna hata jiwe la kupanda. Kuuliza si ujinga. Usitaje bei ya siku kabla hujajua inaanzia wapi na kuishia wapi, maana neno moja lina mipaka miwili kwa watu wawili. Wakala usimchukie, yeye anakula katikati, wewe linda pembeni kwako. Na ukikosea ukasema sawa, ahadi ni deni: imalize siku hiyo, kisha uza upya asubuhi. Rehema anasema niongeze kwamba siku ya mke haijaonyeshwa mpaka hadi leo. Hilo tunalizungumza.

Mungu akujalie siku ndefu za kuishi na fupi za kibarua, na kila wakala atakayekupigia simu, amjalie kikohozi.